Kuwasha Mashine Kutoka Diski Mbili Zinazoakisiana: Niliyojifunza Mombasa

Diski mbili zinaweza kubeba nakala zilezile za data, baiti kwa baiti, na bado mashine ikashindwa kuwaka siku ambayo mojawapo inakufa. Jambo hili nimelikuta zaidi ya mara moja katika ofisi ninazozihudumia hapa Mombasa, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu mafundi vijana wanaoingia katika kazi hii hufundishwa namna ya kuunganisha diski ziwe pacha, lakini mara chache hufundishwa kuuliza mashine itaanzia wapi pale pacha mmoja atakapoondoka.

Kazi yangu ni kutunza seva za ofisi ndogo: mawakala wa forodha walioko kisiwani, kati ya Moi Avenue na upande wa bandari ya Kilindini, pamoja na zahanati moja ng'ambo ya daraja la Nyali. Hizi si ofisi zenye chumba maalumu cha mitambo. Seva hukaa kwenye kona ya chumba cha mhasibu, chini ya feni, karibu na makabati ya majalada. Ofisi ya wakala huishi kwa hati, yaani hati za shehena, ankara, vibali na barua za wenye mizigo, na kontena likikaa bandarini kupita siku zake za bure mwenye mzigo huanza kulipishwa kwa kila siku inayopita. Kwa hivyo seva ikilala nusu siku tu, hasara yake huhesabika kwa shilingi, na mtu wa kwanza kuulizwa huwa ni mimi.

Pwani nayo ina tabia zake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na skrubu za kasha la mashine hushika kutu huku mashine yenyewe ingali mpya. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, chumba kisicho na kiyoyozi huwa na joto hata usiku, na umeme hukatika ukarudi ghafla. Diski zenye sahani zinazozunguka huchoka katika mazingira haya. Hizi za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka, haziathiriwi sana na mtikisiko, ila zikifa mara nyingi hufa bila dalili yoyote, jioni zinafanya kazi na asubuhi hazionekani kabisa. Ndiyo sababu siweki tena seva ya ofisi kwenye diski moja, hata pale mwenye ofisi anapolalamikia bei.

Wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu badala ya kutegemea moja kubwa ya bei ghali lilipata jina lake mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipowasilisha makala yao kuhusu RAID katika mkutano uliofanyika Chicago. Walipanga ngazi tano, na ya kwanza ilikuwa ni kuakisi: kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine. Kuakisi kulikuwa kunajulikana hata kabla yao, nao walionyesha wazi kwamba ndiyo njia inayokula nafasi nyingi zaidi, kwa kuwa nusu ya uwezo wa diski ulizonunua hutumika kubeba marudio. Kwa ofisi ndogo bei hiyo inavumilika, na urahisi wake una thamani kubwa: diski moja iliyobaki ni nakala kamili inayosomeka peke yake, bila hesabu wala kukusanya vipande.

Lakini makala hiyo ilihusu data, na data ni sehemu tu ya habari. Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi, baada ya umeme kukatika usiku na kurudi karibu na alfajiri, niliitwa katika ofisi ya wakala mmoja. Seva yao ilikuwa imeundwa na fundi aliyenitangulia, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa nzuri: diski mbili za terabaiti moja, zimeunganishwa kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, katika RAID 1, yaani kuakisi, na juu yake mfumo wa faili wa ext4 uliobeba Linux nzima, kuanzia mzizi, yaani saraka kuu ya mfumo, hadi majalada ya wateja. Skrini ilikuwa nyeusi, yenye mstari mmoja wa herufi nyeupe uliosema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia kilichopatikana. Mwenye ofisi, ambaye sote humwita Mzee, alisimama nyuma yangu akaniuliza, "Mwanangu, si tuliambiwa hapa kuna diski mbili?" Nikamjibu, "Ni mbili, Mzee, na hati zako zote zimo katika hii iliyobaki. Kilichoondoka na ile nyingine ni programu ya kuiamsha mashine." Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini niliona halikumtosha, na nadhani alikuwa na haki, kwa kuwa aliyelipia diski mbili huamini kwamba amelipia mashine itakayowaka.

Niliiwasha kwa flashi yenye Linux ya kubebeka, nikaunganisha RAID kwa mwanachama mmoja, na faili zote zikaonekana, hadi barua iliyohifadhiwa jioni iliyotangulia. Kisha nikaangalia mpangilio wa patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Kwenye diski iliyobaki patisheni ya kwanza ilikuwa na megabaiti 512, sawasawa na ile ya diski iliyokufa, ila haikuwa na kitu: haikuumbizwa, wala haikuwa na faili hata moja. Mtu akitazama jedwali la patisheni angeona diski mbili zinazofanana kabisa. Programu ya kusakinisha iliyotumika ilikuwa imeandika vifaa vya kuwashia kwenye diski ya kwanza peke yake, ikaiacha nafasi ya diski ya pili wazi, na kwa kuwa diski ya kwanza ilifanya kazi kila siku, hapakutokea sababu ya mtu kuigundua nafasi hiyo tupu.

Chanzo chake kinaonekana vizuri tukiifuata safari ya kuwaka tangu kitufe kinapobonyezwa. Wa kwanza kuamka ni programu iliyohifadhiwa katika ubao mama. Programu hii haiijui Linux, haiijui mdadm, wala haina habari kwamba diski fulani ni pacha wa nyingine. Katika mashine za BIOS, aina ya zamani ya programu hiyo, inachojua ni kusoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512: baiti 446 ni nafasi ya msimbo wa kuwashia, 64 ni jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Baiti 446 hazitoshi kuuelewa mfumo wowote wa faili wa siku hizi, kwa hivyo kipakizi kama GRUB, yaani programu inayopakia mfumo wa uendeshaji, huficha sehemu yake kubwa zaidi katika nafasi iliyo kati ya sekta hiyo na patisheni ya kwanza. Na diski ikiwa na jedwali la patisheni la aina mpya, GPT, sehemu hiyo hutengewa patisheni yake ndogo, ambayo megabaiti moja huitosha. Katika mashine za UEFI, aina mpya zaidi, ubao mama husoma patisheni iliyoumbizwa kwa FAT, mfumo wa faili sahili, na kutafuta humo faili la kipakizi. Njia zote mbili zina jambo moja linalofanana, nalo ndilo kiini cha tatizo: kitu cha kwanza kusomwa kiko nje ya RAID, na mdadm haikigusi wala haikinakili.

Kipakizi kikishaamka hutafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na mfumo mdogo wa mwanzo, ambao hufunguliwa ndani ya memori. Mfumo huo mdogo ndio wenye kazi ya kutafuta diski, kuunganisha RAID na kuupachika mzizi, yaani kuufungua utumike. Na mzizi ukishapachikwa ndipo Linux yenyewe inapoanza. Wanapokezana mzigo kama wapagazi, na kila mpokeaji anaitazama diski kwa macho yake mwenyewe, kwa ujuzi tofauti na wa aliyemtangulia. Ubao mama unaona sekta au FAT. GRUB inaelewa md (RAID ya mdadm), LVM ya kugawa diski, na mifumo ya faili ya Btrfs na, kwa kiasi fulani, ZFS, lakini kwa kusoma tu. Mfumo mdogo wa mwanzo unaelewa kile ambacho aliyeuunda aliuwekea: ikiwa mdadm haimo ndani yake, hautajua kwamba patisheni mbili zilizo mbele yake ni kitu kimoja. Anayesema "seva yangu ina diski mbili" anapaswa kuwa ameikagua kila hatua ya safari hii, kwa diski ya kwanza na kwa diski ya pili.

Mahali ambapo maelezo ya RAID yanaandikwa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mdadm ina miundo kadhaa ya maelezo hayo: 0.90 na 1.0 huyaweka mwishoni mwa patisheni, 1.1 huyaweka mwanzoni kabisa, na 1.2, ambayo ndiyo ya kawaida leo, huyaweka kilobaiti 4 kutoka mwanzo. Zamani za vipakizi vya LILO na GRUB ya kwanza, mtu aliyetaka kuwasha kutoka RAID 1 alilazimika kutumia muundo wa mwishoni, kwa kuwa kipakizi hakikujua RAID na kiliisoma patisheni moja kana kwamba ni mfumo wa faili wa kawaida. Maelezo yakiwa mwishoni, mwanzo wa patisheni ulibaki vile kilivyoutarajia. GRUB 2 iliondoa sharti hilo kwa upande wa kerneli na mzizi, na sasa muundo wa 1.2 unasomeka bila shida.

Hata hivyo ujanja huo wa zamani umerudi kwa mlango wa UEFI. Wapo mafundi wanaoziunganisha zile patisheni mbili za FAT katika RAID 1 yenye muundo wa 1.0, ili ubao mama uione FAT ya kawaida huku Linux ikiziona kama kioo. Njia hii hufanya kazi, na ninawajua watu makini wanaoitumia. Mimi siipendi, na sababu yangu ni moja: ubao mama una uwezo wa kuandika kwenye FAT, na ukiandika huandika upande mmoja tu, bila mdadm kujua. Kuanzia hapo pande mbili zinatofautiana huku taarifa ikisema ziko sawa. Naona ni afadhali kuwa na patisheni mbili za FAT zinazojitegemea, kila moja ikiwa na kipakizi chake, na amri ndogo ya kunakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili inayoendeshwa kila GRUB inaposasishwa. Ni kazi ya mkono zaidi, lakini kila kitu kilichomo kinaonekana na kinakaguliwa.

Katika ofisi ya Mzee ndivyo nilivyofanya. Niliumbiza ile patisheni tupu, nikaingia ndani ya mfumo uliolala kwa chroot, nikasakinisha GRUB upya, na nikaweka nakala ya kipakizi mahali pale ambapo ubao mama hutafuta usipokuwa na maagizo yoyote, yaani EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Nakala hiyo ya pili ina umuhimu wake, kwa sababu orodha ya vitu vya kuwashia huhifadhiwa katika memori ya ubao mama, na baadhi ya mbao hufuta kumbukumbu ya diski isiyoonekana bila kumwuliza mtu. Kisha nikafungua faili la fstab, lenye orodha ya patisheni za kupachikwa, na hapo palikuwa na mtego wa pili uliokuwa ukinisubiri: mstari wa /boot/efi ulitaja utambulisho wa patisheni iliyokufa. Mfumo unaotumia systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, ukikuta mstari wa namna hiyo husubiri kifaa hicho kwa sekunde 90, kisha huacha kuendelea na kumpeleka mtu kwenye hali ya dharura, ambako huombwa nywila ya msimamizi. Kwa mhasibu aliyekaa mbele ya skrini, hiyo ni seva iliyokufa, ingawa mzizi wake umekwisha kupachikwa na data ipo. Neno nofail likiongezwa katika mstari huo, mashine huendelea bila patisheni ile. Kabla ya adhuhuri ofisi ilikuwa ikifanya kazi.

Zahanati ilinifundisha upande mwingine wa jambo hilihili. Huko tulitumia Btrfs, ambayo haihitaji mdadm chini yake: mfumo wa faili wenyewe ndio unaozijua diski zote na kuhakikisha kwamba kila kipande kina nakala mbili kwenye diski mbili tofauti. Faida yake ni kubwa. Btrfs huweka jumla ya uhakiki ya kila kipande cha data, kwa hivyo nakala moja ikioza inajua ni ipi iliyo nzima na kuirekebisha mbovu kwa kutumia nzima, ilhali RAID 1 ya mdadm, ikikuta pande mbili zinatofautiana, haina njia ya kujua ipi ni ya kweli. Kwa rekodi za wagonjwa niliona hilo linastahili kutangulizwa.

Jambo la kuangalia mapema ni namna mfumo huo ulivyoumbwa. Mtu akiumba Btrfs juu ya diski mbili bila kutaja anachotaka, maelezo ya ndani hupata nakala mbili lakini data yenyewe haipati. Diski zote mbili zinaonekana katika orodha, nafasi inajumlishwa, na kila kitu kinaonekana sawa hadi siku ya msiba. Ninapokabidhiwa seva ya Btrfs na mtu mwingine, kitu cha kwanza ninachosoma ni mistari ya "btrfs filesystem usage", na nikiona neno "single" upande wa data, kazi ya siku hiyo ni kubadilisha kwa balance, amri ya kupanga upya vipande, hadi vyote, data na maelezo, viwe raid1.

Kuhusu kuwaka, Btrfs ina sharti lake. Diski zote zina utambulisho mmoja wa mfumo wa faili, na kerneli haiwezi kupachika mzizi kabla ya kuambiwa ni vifaa gani vinauunda. Kwa hivyo mfumo mdogo wa mwanzo unapaswa kuzipekua diski kwanza. Katika mifumo inayotumia systemd tangu hatua hiyo, kuna kanuni inayokizuia kifaa kuhesabiwa kuwa tayari mpaka wanachama wote waonekane. Diski moja ikikosekana, mashine husubiri, na hata ukiandika rootflags=degraded katika maagizo ya kerneli, kusubiri kunaweza kuendelea, kwa sababu ombi la kupachika halijafikiwa bado. Mafundi wengi hukasirika wakiliona hili. Wanauliza, kuna faida gani ya kioo ambacho kikivunjika upande mmoja kinagoma kabisa?

Nimelifikiria swali hilo sana, na nimefikia msimamo unaotofautiana kwa mdadm na kwa Btrfs. Mdadm, baada ya kusubiri kidogo, huiwasha RAID katika hali pungufu, na mimi naiacha ifanye hivyo, kwa sababu ina kihesabu cha matukio kwa kila mwanachama: diski iliyokosekana ikirudi, hutambulika kuwa imebaki nyuma na haichanganywi na iliyo mbele. Btrfs nayo hairuhusu kupachika pungufu isipokuwa mtu aombe, na naona ni busara. Chukua mfano wa waya uliolegea. Leo mashine inawaka na diski ya kwanza peke yake na kuandika rekodi za wagonjwa. Kesho waya wa pili unalegea na inawaka na diski ya pili peke yake na kuandika nyingine. Keshokutwa zote mbili zinaonekana. Sasa kuna historia mbili zenye jina moja, na Btrfs haina njia salama ya kuzipatanisha. Neno degraded likiandikwa kwa kudumu katika maagizo ya kuwasha, hatari hiyo inabaki wazi kila siku. Ninaliandika kwa mkono pale tu ninapojua kwa hakika diski ipi imekufa, na diski hiyo naitoa nje ya kasha kabla ya kuendelea.

Kerneli za zamani zilikuwa na ugumu zaidi. Kabla ya toleo la 4.14, Btrfs ya diski mbili ikipachikwa katika hali pungufu kwa kuandika, vipande vipya viliandikwa bila pacha, na mara iliyofuata mfumo uligoma kupachikwa isipokuwa kwa kusoma tu. Fundi alikuwa na nafasi moja ya kubadilisha diski. Toleo hilo lilianza kukagua kila kipande peke yake, na ugumu ule ukaisha. Bado vile vipande visivyo na pacha huweza kubaki, kwa hivyo baada ya kuweka diski mpya naendesha balance kuvirudisha kwenye raid1. Na diski iliyokosekana kwa muda tu, ikirudi, haitoshi kuiona kwenye orodha: ni lazima kuendesha scrub, ili kila nakala iliyopitwa na wakati isahihishwe. Faili zilizowekewa nodatacow, yaani kuandikwa juu ya data ya zamani badala ya mahali papya, kama ilivyo desturi kwa hifadhidata, hazina jumla ya uhakiki, na kwa hizo Btrfs haiwezi kujua nakala ipi imepitwa. Kwa sababu hiyo hifadhidata ya zahanati sikuiwekea nodatacow, ingawa nilishauriwa hivyo kwa ajili ya kasi.

ZFS nimeitumia kwa uchache zaidi, kwenye mfumo wa FreeBSD, na nitasema machache. Diski ya pili huongezwa kwa zpool attach, data hunakiliwa, na zpool status inaonyesha kioo kizima bila kosa lolote. Msimbo wa kuwashia haumo katika kazi hiyo. Kwenye mashine ya BIOS ni lazima kuuandika kwenye diski mpya kwa gpart, katika patisheni yake, la sivyo diski hiyo itabeba data yote bila kuweza kuwasha chochote. Kwenye Linux desturi iliyoenea ni kuwa na hifadhi mbili, ndogo ya kerneli na kubwa ya mzizi, kwa sababu GRUB inaelewa baadhi tu ya vipengele vya ZFS, na mtu akiwasha kipengele kipya kwenye hifadhi ambayo GRUB inapaswa kuisoma, mashine inaweza isiwake tena.

Kinachoniridhisha ni jaribio peke yake. Ninalifanya Jumamosi alasiri, ofisi ikiwa imefungwa, baada ya nakala ya akiba kutoka nje ya jengo. Kioo hakimwokoi mtu aliyefuta faili, kwa kuwa kufuta nako huakisiwa papo hapo. Nazima mashine, nachomoa diski ya kwanza, nawasha, na natazama hadi skrini ya kuingilia itokee. Katika /proc/mdstat, kioo kizima huonyesha [UU], na kilichopungukiwa huonyesha [U_] au [_U]. Kisha nairudisha diski niliyoitoa na kuiacha inakili hadi imalize, na hapo tu ndipo ninapoigeukia ya pili. Mpangilio huu siuvunji, kwa sababu kuwasha na ya kwanza peke yake kisha na ya pili peke yake, bila kunakili katikati, ni kuzitengeneza kwa mikono yangu zile historia mbili nilizozieleza. Ramani ya mdadm ya sehemu zilizoandikwa (bitmap), ikiwepo, hufanya kunakili kuwe kwa dakika chache, kwa kuwa hurudia tu sehemu zilizobadilika. Kijana ninayefanya naye kazi namtaka ajaribu kwanza kwenye mashine pepe yenye diski mbili za bandia, aondoe moja na kuona kwa macho yake hatua ipi inakwama.

Majina kama sda na sdb hayategemewi katika kazi hii, kwani diski ya kwanza ikitoweka, iliyokuwa sdb huamka asubuhi ikiitwa sda. Naandika tarakimu za mwisho za namba ya utambulisho ya kila diski kwenye karatasi ya gundi, naibandika mbele ya kasha mahali inapoonekana bila kufungua kitu, na namba hizohizo naziweka katika daftari la ofisi. Mtu anayechomoa diski nzima akidhani ni ile mbovu hupoteza diski zote mbili kwa pigo moja.

Onyo nalo lazima limfikie mtu. Mdadm hutuma barua diski inapoanguka, lakini isipoelekezwa kwingine barua hiyo huenda kwa root, akaunti ya msimamizi, ndani ya mashine ileile, na nimekuta kioo kilichokuwa kikitembea kwa mguu mmoja kwa miezi, barua zote zikiwa zimejipanga humo bila kusomwa. Sasa zinakuja kwenye simu yangu na ya mhasibu. Debian hupanga ukaguzi wa RAID nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi, usiku. Ofisi nyingi za hapa huzima seva mwisho wa wiki, na ikiwa kazi imepangwa kwa cron, kipangaji cha kazi cha Linux, saa ikipita mashine ikiwa imezimwa haifanyiki. Nimeihamishia Jumatano. Ukaguzi huo ni wa lazima, kwa sababu siku ya kubadilisha diski iliyokufa, ile iliyobaki husomwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa kwa mwaka mzima. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi si zaidi ya kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani takriban terabaiti 12.5, na diski mbili za toleo moja, zilizonunuliwa siku moja na kukaa kwenye joto moja, huelekea kuzeeka pamoja. Ninaponunua jozi, nachukua za watengenezaji wawili tofauti, na nachagua patisheni ndogo kidogo kuliko diski, kwa sababu diski mbili za terabaiti moja hazilingani daima hadi sekta ya mwisho.

Diski mpya inapoingia, kunakili data kukiisha kazi haijaisha: jedwali la patisheni, patisheni ya kuwashia, kipakizi, orodha ya ubao mama na mfumo mdogo wa mwanzo vyote hupitiwa upya, kisha mashine huwashwa kwa diski hiyo mpya peke yake. Katika hati ya makabidhiano ninayompa mwenye ofisi nimeongeza mistari miwili, mmoja wa tarehe ambayo seva iliwaka kwa diski ya kwanza pekee na mmoja wa diski ya pili, kila mmoja ukiwa na namba ya diski husika. Mistari hiyo isipojazwa siitii saini hati, na Mzee, ambaye sasa huisoma kabla ya kuuliza bei, haipokei.